Kugeuza mistari ya zulia hakutakuza sebule yako

SWALI: Habari za kazi, fundi. Sebule yangu ina futi 10 kwa 16, mlango uko upande mfupi, na chini kuna tailizi za rangi ya maziwa. Nimenunua zulia la mistari myeusi na myeupe, futi 4 kwa 6. Muuzaji aliniambia nikilitandika mistari ikielekea ndani, chumba kitaonekana kikubwa. Nimefanya hivyo, naona pamekuwa kama ujia. Shoga yangu akasema nigeuze mistari ikatize chumba. Nimegeuza, sioni nafuu, na mume wangu amechoka kulihamisha. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, anasema akilitazama macho yanamchezea. Niliweke vipi? Au nitafute la rangi nyingine? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, usiligeuze tena. Zulia la 4 kwa 6 likiwekwa katikati ya sebule ya 10 kwa 16 litabaki dogo lielekee kusini au kaskazini, na litaivuta sebule nzima ionekane ndogo pamoja nalo. Hayo uliyoambiwa nayasikia kwa wateja kila wakati, na yananiudhi kwa sababu moja: yanamfanya mtu mwenye chumba kidogo anunue zulia dogo huku akiamini mistari itafanya kazi iliyopaswa kufanywa na ukubwa. Muuzaji amemaliza biashara yake, na wewe umebaki na kitu cha kuhamisha kila Jumamosi.

Tuanze na hiyo kanuni yenyewe, maana imezoeleka mpaka watu hawaiulizi maswali. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz aliandika mwaka 1867 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana umerefuka kwenda juu, na uliojazwa mistari ya kusimama huonekana umetanuka. Hiyo ni kinyume kabisa cha yale tunayoambiwa na washonaji na wauza nguo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walilipima jambo hilo upya kwa michoro ya watu waliovaa nguo za mistari, na katika makala yao ya 2011 wakamuunga mkono Helmholtz. Sikutajii haya ili nikupe kanuni nyingine ya kwenda nayo dukani. Hiyo ilikuwa michoro bapa inayotazamwa uso kwa uso. Sakafu yako unaitazama kwa mshazari, ukiwa mlangoni au umekaa kwenye kochi, na nusu yake imefunikwa na vyombo. Ninachotaka uone ni kwamba jicho halitii amri rahisi kiasi hicho, na anayekuhakikishia kuwa mistari ya upande fulani "inaongeza chumba" anasema kitu ambacho hajakipima.

Kinachofanya sebule ionekane na nafasi ni zulia kuwashika makochi. Hesabu ya chumba chako ni hii. Kochi la kawaida lina kina cha futi 3 hivi. Ukiweka makochi pande zote mbili za upana wa futi 10, katikati zinabaki futi 4. Hapo ndipo 4 kwa 6 ilipopatikana: limeenea kwenye uwazi uliobaki, kwa hiyo linaonekana limetosha. Lakini miguu yote ya makochi iko nje yake, limeelea peke yake juu ya tailizi, na jicho linaona kisiwa cheusi na cheupe chenye mipaka minne. Kwa mlango ulipo, mistari ikielekea ndani unapata ujia. Ikikatiza, kisiwa kinabaki kisiwa.

Unahitaji 7 kwa 10. Maduka mengi yetu huuza kwa futi, na hicho ni kipimo utakachokikuta pamoja na 5 kwa 8, 6 kwa 9 na 8 kwa 11. Upande wa futi 7 utakaa kwenye upana wa chumba na kuacha futi 1 na nusu kila ukuta, ili miguu ya mbele ya makochi ikanyage zulia na ya nyuma ibaki kwenye tailizi. Upande wa futi 10 utafuata urefu, na tailizi zitaonekana mlangoni na mwisho wa chumba. Kabla ya kutoa hela, chora kipimo hicho sakafuni kwa chaki, au panga magazeti na mashuka mpaka yafike futi 7 kwa 10, kisha ukae nayo jioni moja. Mteja aliyefanya hivyo harudi kuniuliza mistari ielekee wapi.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: zulia likishakuwa na ukubwa sahihi, mwelekeo wa mistari umekwisha kuamuliwa kiwandani. La 7 kwa 10 huwezi kulizungusha katika chumba cha upana wa futi 10, litagusa kuta zote mbili na makochi yatakaa juu yake mazima mazima. Kwa hiyo swali la mistari ni la kuuliza dukani, zulia likiwa limekunjuliwa lote, na ukijua mlango wako uko wapi. Mazulia bapa ya pamba kutoka India, na yale bapa ya Kituruki yaitwayo kilimu, rangi yake hubebwa na mshindio, yaani nyuzi zinazokatiza upana, na kwa sababu hiyo mistari yake mingi hukatiza upana. Mazulia ya Mabedui wa Oman na nchi jirani, yanayofumwa kwenye mtambo uliolazwa chini, huonyesha mtande, yaani nyuzi za urefu, kwa hiyo mistari yake hukimbia na urefu. Mazulia ya mashine ya nyuzi za plastiki huchorwa vyovyote, basi hayo ni ya kutazama kwa macho. Kwa chumba chako, chenye mlango upande mfupi, mimi ningechagua mistari inayokatiza upana, iwe mipana na isiyolingana, kwa sababu anayeingia anaivuka mmoja baada ya mwingine badala ya kusukumwa moja kwa moja hadi ukuta wa mwisho. Huo ni uchaguzi wangu wa mpangilio. Futi hazitaongezeka.

Wazee wetu wa Lamu na Unguja walikaa katika vyumba vyembamba zaidi ya chako, kwa sababu boriti za mikoko hazikufika mbali: mita 2 na nusu, mita 3, basi. Mikeka waliyotandika ilikuwa imeshonwa kwa kili, yaani mikanda iliyosukwa, zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mistari ilikuwamo siku zote. Walitandika ikaenea mahali pa kukaa. Ndilo funzo ninalolichukua mimi ninapopima chumba chochote.

Sasa mama yako. Msikilize, hadekezi macho. Mistari myembamba inayorudiarudia, yenye rangi mbili zinazopingana kama nyeusi na nyeupe, huwasumbua watu wengi, na wenye kipandauso ndio huumia zaidi. Inayosumbua sana ni ile ambayo jozi yake, mweusi mmoja na mweupe mmoja, huchukua takribani theluthi moja ya digrii moja ya upeo wa jicho. Ukiwa umbali wa mita 2, hiyo ni jozi ya kama sentimita 1 na kidogo. Pima mistari ya zulia lako. Ikiwa kila mmoja una nusu sentimita mpaka sentimita 1, umepata sababu, na kugeuza zulia hakutaondoa kitu. Tafuta mistari ya upana wa kiganja au zaidi, na rangi zinazokaribiana: kahawia na maziwa, kijivu na kijivu chepesi, buluu iliyofifia na rangi ya mchanga. Kwenye tailizi za rangi ya maziwa hizo zitakaa vizuri. Kapeti la mkonge lenye mistari ya kufumwa bila rangi kali lingefaa pia, isipokuwa maji yakimwagika huacha doa, na kwenye nyumba yenye watoto wadogo silishauri.

Ukiwa bado dukani, lowesha kitambaa cheupe kidogo, ukisugue kwenye mstari mweusi au mwekundu. Kikitoka na rangi, liache hapo hapo. Zulia la mistari linalochuja huharibika mara moja tu: siku ya kwanza kufuliwa, mweupe wote unakuwa kijivu.

Nimesema mistari haiongezi chumba. Inachofanya kwa hakika ni kuonyesha kila kosa, na hapa ndipo ninapoona hela za watu zikipotea. Zulia la rangi moja likisogea vidole viwili kwenye tailizi, hakuna anayejua. La mistari likisogea hivyo, kila anayeingia anaona limepinda. Weka wavu wa mpira chini yake, hasa kama ni bapa lisilo na manyoya. Usikubali fundi alibandike kwa gundi kwenye tailizi, ni njia ya mkato itakayokuharibia zulia na sakafu pamoja. Wala usilipeleke kupigwa maji ya presha kisha likaanikwa ukutani likining'inia likiwa limelowa. Uzito wa maji huvuta upande mmoja, na mistari iliyonyooka hurudi imekuwa mawimbi ambayo pasi haiyanyooshi. Lioshwe chini, likaushwe limelala.

Hatari zaidi ni kapeti la mistari la kukatwa kwa mita, la kuenea ukuta hadi ukuta. Vyumba vyetu vingi havina kona sahihi. Muulize fundi anayekuja kutandika kama ataangalia kona kabla ya kukata. Mwashi yeyote anajua namna: futi 3 ukuta mmoja, futi 4 ukuta wa pili, na mshazari kati ya alama hizo uwe futi 5 kamili. Ukizidi au kupungua, kona imepinda, na mstari wa kapeti utaanza sambamba na ukuta halafu ukatwe katwe unapofika mwisho wa chumba. Nimeitwa kutazama kazi za namna hiyo mara nyingi mno, na hakuna dawa, kwa sababu kapeti limeshakatwa. Fundi anayesema "usijali, nitalivuta" anadanganya. Chumba chenye kona mbovu kipewe kapeti la rangi moja, au zulia la kutandika lililopigwa ovaloki pembeni, likae mbali na kuta.

Na kwa kuwa una mzazi ndani ya nyumba, nimalizie na lile linalonitia hofu. Mtu mzima ambaye macho yamepungua, na zaidi aliyeanza kupata dimensia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu), anaweza kuuona mstari mweusi sakafuni kama shimo au kidato. Atasita, atainua mguu kuvuka kitu kisichokuwapo, na hapo ndipo huanguka. Zulia lenye mistari ya namna hiyo lisikae mlangoni, chooni wala kwenye njia anayopita usiku. Na msomaji mwingine yeyote mwenye ghorofa, usikubali kutandikiwa ngazi kapeti lenye mistari inayokwenda sambamba na ukingo wa vidato. Kwenye picha za matangazo linapendeza, lakini anayeshuka anaona mistari kumi inayofanana na hajui ni upi ndio mwisho wa kidato. Ngazi itandikwe rangi moja, na ukingo wa kila kidato uwe na ukanda wa rangi inayotofautiana wazi na nyingine. Kama la mistari limeshapigiliwa, litolewe kabla mzee hajapanda tena.