Askari, hongo na dhamana kabla ya kukamatwa: wasomaji wanauliza

Wakili, mume wangu ni askari wa trafiki. EACC (Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi) wamemwandikia barua aende kuandikisha taarifa kuhusu madai ya hongo. Ndugu zake wanasema atangulie kortini aombe dhamana kabla hajakamatwa. Ni sawa? (Mke wa askari, Nakuru)

Mama, barua peke yake haitoshi. Sheria zetu za jinai hapa Kenya hazina kifungu kinachotaja dhamana hii. Mahakama Kuu huitoa kwa mamlaka yake ya kulinda haki za kikatiba, na tangu uamuzi wake katika kesi ya W'Njuguna ya 2004 majaji wameshikilia kwamba ni ya pale chombo cha dola kinapovunja haki za mtu vibaya. Hakimu wa kawaida hana uwezo wa kuitoa.

Kwa hiyo mumeo hataulizwa kama anaogopa. Kila anayeitwa Integrity Centre, makao makuu ya EACC, huogopa. Ataulizwa anaogopa nini, na ushahidi uko wapi. Je, maafisa walivamia nyumba yenu usiku bila hati? Alishaandikisha taarifa na bado anatishiwa kwa simu? Hayo ndiyo ya kuweka kwenye hati ya kiapo, na tarehe zake.

Hofu moja yenye mguu wa kusimamia ni ya Ijumaa. Ibara ya 49 ya Katiba inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa jioni huweza kulala seli hadi Jumatatu. Raia wengi wamefanyiwa hivyo, na waliowafanyia ni askari, ndiyo maana wao wanaiogopa kutushinda sisi.

Kwa mumeo ningesema aende na wakili siku aliyoitwa, mapema juma, na abaki na nakala ya barua. Hata akikamatwa, EACC mara nyingi humwachilia mshukiwa kwa dhamana ya pesa taslimu huku faili ikisubiri uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Nilinaswa kituoni na pesa za mtego. Bado naweza kuomba dhamana hiyo? (Konstebo, Eldoret)

Umechelewa, afande. Umeshakamatwa, kwa hivyo dhamana yako ni ile ya kawaida, na ni haki yako isipokuwa kuwe na sababu nzito za kukunyima.

Nguvu zako ziweke kwenye ushahidi. Kwa kawaida noti za mtego hutolewa nakala na namba zake kuorodheshwa, kisha hupakwa unga wa kemikali. Ukizishika, viganja vyako hupanguswa kwa pamba, nayo pamba hufungwa na kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Unga huo unathibitisha kwamba ulishika. Hausemi kwamba uliitisha. La kuitisha hutafutwa kwenye mazungumzo yaliyorekodiwa, na hapo ndipo kesi nyingi hushinda au kuanguka: sauti ni ya nani, nani aliyetaja pesa kwanza, na je, cheti cha ushahidi wa kielektroniki kipo? Wakili wako aanzie hapo. Sheria ya Hongo ya 2016 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10, faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili, kwa hiyo usiichukulie kuwa kesi ndogo ya hongo ya elfu mbili.

Mimi ndiye dereva niliyemripoti askari. Nasikia kortini amepewa dhamana kabla ya kukamatwa. Kesi yangu imekufa? (Dereva wa matatu, Thika)

Haijafa. Amri hiyo haifuti uchunguzi wala haimzuii Mkurugenzi wa Mashtaka kumshtaki. Kwa kawaida ni ya muda, na huja na masharti: aripoti kwa wachunguzi anapoitwa, asiwaguse mashahidi. Akikupigia simu au akimtuma mtu stejini "myamalize", usijibizane naye. Weka rekodi ya simu, iambie EACC, waombe korti ifute dhamana. Kumtishia aliyeripoti hongo ni kosa lingine chini ya sheria hiyo hiyo.

Na usirudi tena kutoa kitu kidogo ukidhani umekingwa. Uliyetoa kwenye mtego uliopangwa na wachunguzi ni shahidi. Ukitoa kesho kwa hiari yako, wewe ni mshtakiwa.

Nikipewa dhamana hii, mshahara wangu utakatwa? (Sajini, Kisumu)

Si kwa sababu ya dhamana. Nusu mshahara huanza siku unaposhtakiwa, kwa mujibu wa Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Makosa ya Kiuchumi ya 2003. Nidhamu ya ndani ya polisi ni njia yake tofauti.

Mbona India askari huipata kirahisi? (Msomaji, Mombasa)

Kule imeandikwa kabisa katika sheria: zamani kifungu cha 438 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya 1973, na tangu Julai 2024 kifungu cha 482 cha sheria mpya. Lakini kirahisi? Machi 2025 Mahakama ya Juu ya India ilimnyima mkaguzi wa hesabu wa serikali huko Punjab aliyetuhumiwa kwa hongo, ikasema katika kesi za ufisadi dhamana hii ni ya hali za kipekee tu.

Amri ikitoka, niifanyie nini? (Koplo, Machakos)

Itoe nakala zilizothibitishwa na korti. Moja uipeleke EACC siku hiyo hiyo wakugongee muhuri wa kupokea, moja kwa wakili, moja utembee nayo. Afisa atakayekuja kukukamata huenda hajawahi kuiona.