Scrooge ya 1951 na mlango wa mpwa wake

Ndugu yangu, umeuliza kama inaingia akilini mtu mwenye mkono wa birika miaka yote aamke asubuhi ya Krismasi ni mtu mwingine. Mimi niliamini nilipotazama Scrooge ya 1951, filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, ambamo Alastair Sim anaigiza bahili wa namna hiyo, Scrooge mwenyewe. Ile ya 1970 ya Albert Finney ina nyimbo, watoto wataipenda, ila haikunigusa.

Siri iko kwa dada yake Scrooge, Fan. Katika ile ya 1951 anafariki kwa uzazi wa Fred, na Scrooge anatoka chumbani kabla ya kusikia neno lake la mwisho: nitunzie mwanangu. Analisikia uzeeni, mzuka wa Krismasi zilizopita unapomrudisha pale. Miaka yote amemchukia mpwa wake kwa kifo kile, kama baba yake alivyomchukia yeye kwa kuwa mama yao alikufa akimzaa.

Mimi nilikuwa sisemi na dada yangu mwaka wa nne. Aliniomba karo ya mwanawe nikamwambia sina, na pesa ninazo, za kuezekea nyumba Kisauni. Filamu niliitazama kwenye simu, Desemba, kaskazi inavuma na joto halilaliki. Asubuhi ile Scrooge anamwongeza mtumishi wake mshahara, anampelekea karani wake Cratchit bata mzinga, yote mbio mbio kwa furaha. Kisha anafika kwa Fred, na mlangoni pa sebule miguu inagoma. Binti mtumishi anamwashiria kwa kichwa: ingia tu. Nikaisimamisha hapo, nikalia. Pesa zimemtoka kwa wepesi. Kuingia kwa jamaa aliowaudhi ndiko kulikomshinda.

Kesho yake nikavuka Likoni. Feri imejaa wageni wa bara na mabegi yao, kila mtu anacheka, mimi nimeshika chuma nikipanga maneno. Nilipiga hodi mara tatu. Aliyefungua ni mpwa wangu, ndevu zimeanza kumwota.

"Mjomba?" Kama hana hakika.

Karo yenyewe majirani walikwisha kumchangia zamani. Nilimwomba dada radhi nimesimama, kofia mkononi, na yale maneno niliyoyapanga yote yamenipotea. Akanivutia kiti, akamimina chai.

"Kunywa, kaka, itapoa."