Mbwa Mdogo Akitetemeka: Maswali Yenu na Majibu

Nina jike chotara wa Maltese, kilo nne, anayenyonyesha vitoto vitano vya wiki tatu. Tangu jana jioni anahema sana, hatulii, anajikuna uso, miguu imekakamaa na misuli inachezacheza. Jirani anasema ni kifafa, tena anataka kumchoma kalsiamu ya ng'ombe wake. Nimkubalie? (Msomaji, Jinja)

Usimkubalie. Mtenge na vitoto, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, hata kama anaonekana ametulia kidogo.

Kifafa huja ghafla: mbwa huanguka, hapati fahamu, miguu hupiga hewa, mkojo humtoka, na baada ya dakika moja au mbili huamka akiwa ameduwaa. Wako ana fahamu zake, na hali inazidi saa baada ya saa. Kwa jike mdogo aliye ndani ya wiki nne za kwanza za kunyonyesha, shuku kwanza upungufu wa kalsiamu. Maziwa huichota kwenye damu haraka kuliko mifupa inavyoweza kuirudisha, na ikipungua, neva huanza kuamrisha misuli bila kuulizwa. Misuli isiyopumzika huzalisha joto. Likipita nyuzi 41, ubongo uko hatarini. Kwa hiyo usimfunike blanketi eti anatetemeka kwa baridi.

Daktari atamwekea mshipani kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, polepole, kwa dakika 10 hadi 30, huku akisikiliza moyo. Mapigo yakipungua au yakivurugika, anasimamisha. Dawa ya jirani ni kali zaidi na imepimiwa mnyama wa mamia ya kilo. Ikiingia mshipani kwa haraka, moyo husimama. Ikichomwa chini ya ngozi, ngozi inaweza kuoza.

Vitoto visirudi kwenye titi kwa saa 24 angalau. Kwa umri huo vinaweza kuanza kulamba maziwa ya watoto wa mbwa na chakula kilicholainishwa. Dalili zikirudi, viachishwe kabisa.

Akibeba mimba tena, usimpe vidonge vya kalsiamu kabla ya kuzaa. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, kumbe tezi inayotoa kalsiamu mifupani huzoea kukaa bure, na siku ya maziwa haiamki kwa wakati. Posho (ugali wa mahindi) na utumbo pekee havina kalsiamu ya kutosha. Mukene (dagaa), kwa kuwa huliwa na mifupa yake, ni nyongeza nzuri.

Kitoto cha wiki nane tulikitoa Kampala hadi Mbarara kwa taxi. Tulipofika kililegea, kikaanza kutetemeka. (Msomaji, Mbarara)

Huenda sukari ilishuka. Vitoto vya mbwa wadogo havina akiba, na safari ndefu bila chakula huwaangusha. Paka asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi, kitie joto, kisha daktari. Kikizimia usimimine kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Baada ya hapo kilishwe kidogo kidogo, mara nne hadi sita kwa siku.

Mbwa wangu wa miaka mitatu huanguka na kukakamaa. Nimwekee kijiko asimeze ulimi? (Msomaji, Mukono)

Hapana. Mbwa hamezi ulimi, ila vidole vyako anaweza kuving'ata bila kujua. Ondoa viti, zima redio, tazama saa na umrekodi kwa simu, kwani video humsaidia daktari kuliko maelezo. Degedege likipita dakika tano, au yakija mawili ndani ya saa 24, ni dharura. Akiandikiwa fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege, usiikatishe ghafla hata akikaa miezi bila kuanguka. Kuikatisha huko kwenyewe huleta degedege.

Kabla ya kukiita kifafa, kumbuka kama aliogeshwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Mate mengi, kuhara na misuli kurukaruka ni dalili za sumu: mwoshe kwa maji na sabuni, vaa glavu, na upeleke chupa kwa daktari. Misuli ikiruka kwa mdundo ule ule hata akiwa usingizini, shuku distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Na kama hajachanjwa, tabia imebadilika na mate yanamtoka, usimguse: kichaa cha mbwa kipo Uganda. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kupata chanjo.