Swali la lugha: Wanahisa wanatoa hoja, pendekezo au azimio?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Natafsiri habari ya wanahisa wa kampuni kubwa ya Marekani wanaotaka itoe ripoti ya haki za binadamu kwenye viwanda vinavyoiuzia vifaa. Niliandika "azimio la wanahisa", mhariri kafuta kaweka "pendekezo", mwenzangu anang'ang'ania "hoja". Nani yuko sahihi? Na mwanahisa ndo mbia?

JIBU: Marahaba. Hapo mhariri kakuweza. Azimio ni jambo ambalo kikao kimeshakubaliana, ndo maana tunasema Azimio la Arusha, TANU walilipitisha 1967, lisingeitwa hivyo likiwa bado karatasi mkononi mwa mtu. Sasa mwanahisa akiandika barua kuomba jambo lake liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mwaka hajaazimia kitu, anataka tu kura ipigwe, kwa hiyo hilo ni pendekezo, na likishafika mkutanoni likaanza kujadiliwa mimi naliita hoja, kama bungeni vile, huyu anatoa hoja, yule anaiunga mkono, inapita au inaanguka.

Chukua mwaka 1971. Kanisa la Episcopal la Marekani lilikuwa na hisa General Motors, kampuni ya magari, likataka kampuni iondoke Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Mchungaji Leon Sullivan, mtu mweusi wa kwanza kuingia kwenye bodi ile, akasimama mkutanoni akaiunga mkono hoja huku bodi yenyewe inaipinga, na bado ikapata kura kiduchu mno. Ukiandika hapo "azimio" umempotosha msomaji, atajua wanahisa walikubali, na wala hawakukubali.

Apple 2022 ni kesi nyingine. Bodi iliwaambia wanahisa wakatae, wao zaidi ya nusu ya kura wakataka kampuni ifanyiwe ukaguzi wa haki za kiraia (haki za KIRAIA jamani, msizigeuze haki za binadamu kisa mmezoea). Hiyo imepita, andika azimio bila wasiwasi. Ila kichwa cha habari "Wanahisa waiamuru Apple" hapana, maana hoja nyingi za namna hii kule Marekani haziifungi bodi, hata zikipita zinabaki ushauri, bodi ikipuuza inajiharibia jina tu, na pengine wakurugenzi wake wanapungukiwa kura za wanahisa mwaka unaofuata. "Waitaka Apple" inatosha kabisa.

Mbia sasa. Kwa matumizi ya leo mbia ni mtu mlioingia naye ubia, biashara mnaiendesha wote, hasara ikija inawagusa wote. Mtu aliyenunua hisa zake chache za benki pale Soko la Hisa la Dar es Salaam anasubiri gawio, yaani sehemu yake ya faida, na ana haki ya kupiga kura mkutanoni, basi, meneja wa tawi hata hamjui. Huyo ni mwanahisa, au mwenyehisa ukipenda, yote yanakubalika, ila usianze na moja aya ya kwanza ukamalizia na lingine.