Simba, Mfaransa na "ili uweza"

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii, naishi Arusha. Najifunza Kifaransa na nataka kufanya mtihani wa DELF, ngazi ya B1. Mwalimu wetu anasema subjonctif ya Kifaransa, lile umbo la kitenzi linalofuata maneno kama "lazima" na "nataka", ni ile ile -e yetu ya "asome" na "aende". Kwenye zoezi niliandika Il faut que vous restez dans la voiture, nikakatwa alama, eti ni restiez. Sasa mbona kwa Kiswahili nasema "lazima mbaki garini" na hiyo -e siioni? Dereva mwenzangu yeye husema "mbakie". Kati ya mimi, mwalimu na dereva, nani kakosea?

JIBU: Umekosea wewe, ndugu yangu, ila kosa lako ni dogo mno ukililinganisha na la watu ninaowavizia hapa chini. Tuanze na Kifaransa tukimalize upesi, maana chenyewe kina watetezi, na watetezi wake wanalipwa.

Vitenzi vya kawaida vya Kifaransa havina hila. Chukua umbo la "wao" la wakati uliopo, kata -ent, kisha pachika -e, -es, -e, -ions, -iez, -ent. Kutoka ils restent utapata que je reste, que tu restes, qu'il reste, que nous restions, que vous restiez, qu'ils restent. Tazama vizuri: katika kundi hili la vitenzi vinavyoishia na -er, kama rester (kubaki), nafsi nne kati ya sita hazitofautiani hata herufi moja na wakati uliopo wa kila siku. Zinazobadilika ni nous (sisi) na vous (ninyi) tu. Na wewe, kwa kazi yako, kutwa nzima unasema na watu kwa vous. Umeangukia kwenye shimo pekee lililokuwapo barabarani.

Makundi mengine yanajitangaza zaidi. Finir inapitia ils finissent na kukupa que je finisse. Descendre inakupa que je descende, na hapo sikio linakusaidia: ukisema il descend, ile d imelala, ukisema qu'il descende, imeamka. Kwa hiyo wageni wako utawaambia Il ne faut pas que vous descendiez, yaani "msishuke". Simba akiwa hatua kumi kutoka mlangoni, hata ukikosea ukasema que vous descendez, bila ile i, watakuelewa. Ila mtihani hausahihishwi na simba.

Sasa "mbaki". Hukuikosea. -e yetu inakaa kwenye vitenzi vya Kibantu vinavyoishia na -a: soma, asome, pika, wapike, la, ale. Vile tulivyovitoa kwa Waarabu, kama baki, rudi, safiri, jaribu, samehe, vilikuja na mkia wake na havikubali kukatwa. Twasema "arudi", "usafiri", "wajaribu". Kinachoonyesha kwamba ni ombi au sharti ni kule kukosekana kwa -na-, -li-, -ta- na wenzao. "Anarudi" ni habari. "Arudi" ni amri, au sala. Umeona basi kwamba reste ya Mfaransa na "baki" yako zina ugonjwa mmoja: zote mbili ziko kwenye umbo hilo bila kuvaa sare. Dereva naye tumwachie, kwa kuwa "kubakia" kupo na "mbakie" imetoka huko kihalali. Ila kama anadhani ameipata kwa kuibandika "baki" ile -e, mwambie ajaribu na "rudi". "Mnirudie" ni jambo lingine kabisa, husemwa na walioachwa.

Mwalimu amepatia nusu. Jina subjonctif limetoka kwenye Kilatini, kufunga kitu chini ya kingine, na ni kweli kwamba baada ya kutaka, kulazimu na kukusudia lugha hizi mbili zinakwenda pamoja. Attendez que je finisse: "Subirini nimalize." Hata desturi ya kurudi kwenye kitenzi-jina mtendaji akiwa mmoja tunayo sote: je veux rester, "nataka kubaki", lakini je veux que vous restiez, "nataka mbaki". (Si "nataka kwamba mbaki". Hiyo que usiihamishie kwetu, ina kwao.) Njia zinaachana mtu anapofurahi, anapotilia shaka au anapokubali kwa shingo upande. Je suis content que vous aimiez le pays, nasi twasema "nafurahi kwamba mnaipenda nchi". Je ne pense pas qu'il mange ni "sidhani kama anakula". Bien que nous marchions lentement ni "ingawa tunatembea polepole". Hapo -e haina kazi. Ukiifuata kauli ya mwalimu hadi mwisho utamwambia mgeni "nafurahi mpende nchi yetu", naye atashangaa umeanza lini kumtuma.

Basi, Kifaransa kimekwisha. Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu swali lako limenikuta na kidonda.

Kuna ofisi moja, siitaji, ambayo dirishani pake palibandikwa karatasi: "Fika saa 2:00 asubuhi ili uweza kuhudumiwa." Niliisoma karatasi hiyo kwa muda wa saa moja na nusu, kwa sababu nilikuwa nimefika saa 2:00 asubuhi. Ili uweza! Na si ofisi hiyo tu. Fungua simu yako sasa hivi: "jisajili ili uweza kupata", "bonyeza hapa ili uweza kuona", "tutumie namba yako ili tuweza kukupigia". Watu wanaosema "uweze" vizuri kabisa kwa mdomo wakishika kibodi wanaandika "uweza", kana kwamba -e inatozwa ushuru.

"Uweza" ni neno, msinielewe vibaya. Ni neno zuri, la heshima, la vitabu vya dini: uweza wa Mungu. Ni nomino, maana yake nguvu, mamlaka. Kwa hiyo dirisha lile lilikuwa likinitangazia: fika saa mbili ili, ee nguvu, kuhudumiwa. Na msije mkanitetea kwa kusema ni ule wakati wa -a-, kama katika "naweza". Wakati huo kwa nafsi ya pili ni "waweza", u na a zimeungana zikatoa wa. "Uweza" ya dirishani haina wakati, haina ombi, haina lolote. Ni kitenzi kilichoachwa mlangoni bila nguo.

Na hata tukikivisha nguo kikawa "uweze", bado nauliza: cha nini? "Ili uweze kuhudumiwa" ni sahihi, sikatai, lakini ni sahihi iliyonenepa. "Ili uhudumiwe." Kwisha. Ile -e peke yake inabeba kusudi lote. Mama anayemwambia mtoto "njoo ule" hasemi "njoo ili uweze kula". Angesema hivyo mtoto angedhani anapelekwa hospitali. Tumekuwa watu wa kuweza-weza: ili aweze kufika, ili tuweze kujadili, ili niweze kushukuru. Shukuru tu, bwana, nani kakuzuia?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba -e hii hatukuazima. Mfaransa amehangaika na Kilatini hadi kwenye vitenzi vya -er amebakiwa na tofauti kwenye nafsi mbili, na hata hizo mbili zinafanana herufi kwa herufi na wakati wake uliopita wa mazoea, nous restions, vous restiez. Sisi tunayo nzima, tumerithi na ndugu zetu. Kigali wanasema "tugende", Kampala wanasema "tugende", sisi "twende". Anakuja mtu na karatasi na gundi anaitupa.

Nilimweleza kijana wa dirishani, kwa adabu. Akaniangalia, akaiangalia karatasi, akasema, "Mzee, si umeelewa lakini?" Nikamwambia nimeelewa. "Basi," akasema. Ila nadhani maneno yangu yalimgusa mahali, kwani niliporudi wiki iliyofuata karatasi ilikuwa mpya, ya rangi, imefunikwa plastiki: "Fika saa 2:00 asubuhi ili uwezwe kuhudumiwa."

Kuwezwa, kwa asiyejua, ni kushindwa nguvu. Saa tatu na nusu nikiwa bado kwenye foleni nilikiri kwamba hapo walikuwa wamesema kweli.

Ndiyo maana siku hizi, nikisikia "lazima naenda" au "inabidi tunaondoka", nasahihisha moyoni tu na mdomo naufunga. Yanasemwa mno, na mengine yanasemwa na watoto wangu. "Lazima niende" ndiyo Kiswahili, lakini mtu anayesema "lazima naenda" mara nyingi keshanyanyuka, ana funguo mkononi, na pengine anaeleza jambo lililo kweli. Nami nimejifunza kwamba Wafaransa wenyewe, baada ya après que ("baada ya"), ambako kanuni inadai kauli ya kawaida, huitia subjonctif wasomi kwa wasiosoma, kwa kuiga avant que ("kabla ya"), na akademia yao inapiga kelele bure. Habari hiyo ilinifariji wiki nzima.

Kwa mtihani wako, basi: Il faut que vous restiez dans la voiture, kwa i hiyo moja ndogo. Kwa Kiswahili endelea na "mbaki garini".

Dirishani nilipita juzi. Karatasi ya plastiki imeondolewa na pameandikwa kwa kalamu nene: "Huduma saa 2:00." Kitenzi hakuna kabisa. Nilisimama nikitafuta kosa, sikuliona, nikaketi kwenye benchi. Dirisha lilifunguliwa saa nne.