Siku waliyomsimamishia mama sindano

Nilibishana na daktari koridoni, tena kwa sauti ninayoionea aibu mpaka leo. Mama yangu, miaka 71, mwenye kisukari, alikuwa siku ya nne wodini, na asubuhi hiyo nesi alipita na sinia lake la dawa bila kumchoma antibayotiki. Nikaona sasa wameshamkatia tamaa. Shemeji yangu akanivuta pembeni: tukanunue wenyewe huko nje, mtu wa kumchoma atapatikana.

Yalianza kama mafua ya kawaida. Jumatatu mama alikuwa anakohoa na mwili wote unamuuma, nami nikapita duka la dawa nikaagiza antibayotiki kwa jina: nipe azuma. Muuzaji simlaumu, sikumpa hata nafasi ya kuniuliza mgonjwa ni nani. Mama akameza vidonge vitatu, kimoja kila siku. Alhamisi usiku akaanza kuniita kwa jina la mjomba aliyefariki zamani. Mikono ilikuwa ya baridi, na tangu mchana hakuwa amekojoa. Nikahesabu pumzi zake kwa saa ya simu: 34 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia kitandani akifika 22 tu, na tayari ana maambukizi, anza kutafuta usafiri.

Mapokezi wakambana kile kimashine kidoleni: oksijeni asilimia 85. Presha 82 kwa 48. Hapo ndipo nikasikia neno sepsisi. Mtaani tunasema wadudu wameingia kwenye damu, na mimi nilielewa hivyo, kumbe sivyo hasa. Sepsisi ni pale mwili unapopambana na maambukizi kwa namna inayoishia kuumiza viungo vyake wenyewe, figo, mapafu, ubongo. Na si lazima chanzo kiwe bakteria. Virusi vya mafua vinaweza kumfikisha mtu hapo, na vya korona vinaweza pia, hasa akiwa mzee au mwenye kisukari.

Usiku ule walikwenda mbio. Damu ikachukuliwa kwenye chupa za kuotesha, kuona kama kuna bakteria, kijiti kikaingizwa puani kuchukua kipimo, oksijeni na dripu zikawekwa, na ndani ya saa moja sindano ya antibayotiki, seftriaksoni, ilikuwa imeshaingia. Hapo hawakukosea. Sitaki mtu asome hapa kisha akamkatalie mgonjwa wake antibayotiki usiku wa kwanza. Presha ikishaanguka vile, hakuna daktari awezaye kutofautisha virusi na bakteria kwa macho, na kama ni bakteria, kuchelewa kunaua. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 inataka dawa iingie ndani ya saa moja kwa mgonjwa wa namna hiyo. Ambaye presha yake bado imesimama na sepsisi ni ya kuhisiwa tu, madaktari wana hadi saa tatu za kuchunguza kwanza.

Kazi yetu ndugu inakuja siku ya pili na ya tatu, majibu yanapoanza kurudi. La puani lilionyesha virusi vya mafua aina ya A. Mama akaanzishiwa oseltamivir, dawa ya virusi vyenyewe, ambayo tuliipata duka la tatu. Chupa za damu nazo, baada ya siku mbili, hazikuwa zimeota kitu. Nikafurahi. Dokta, binti mdogo kuliko mimi, akaniuliza: "Kaka, kabla hamjaja hapa alimeza nini?" Nikamwambia azuma. Akanyamaza kidogo. Antibayotiki iliyotangulia inaweza kuwazuia bakteria wasiote hata kama wapo, kwa hiyo lile jibu letu zuri halikuwa na uzito wake kamili. Kwa sababu ya vidonge vyangu ikabidi watafute ushahidi kwingine: picha ya kifua, kipimo cha damu kiitwacho prokalsitonini ambacho mara nyingi hupanda kukiwa na bakteria, jinsi homa ilivyokuwa ikishuka. Vyote vikaelekea kwenye virusi. Ndipo wakasimamisha sindano, na mimi nikaenda kupiga kelele koridoni.

Nilichokuwa sikioni ni kwamba tangu siku ya pili mama alikuwa anaharisha. Antibayotiki haigusi virusi, ila bakteria wa tumboni wasio na kosa inawaua, na wanaosalia ndio wale sugu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa: waliokuwa na maambukizi ya bakteria pia ni asilimia 8, waliopewa antibayotiki ni kama asilimia 75.

Lakini kitanda cha jirani kulikuwa na mzee mmoja, naye mafua, aliyekuwa ameanza kupata nafuu. Ghafla homa ikarudi, makohozi yakawa ya rangi ya kutu. Yeye alirudishiwa sindano siku hiyohiyo na wala hakuna aliyezisimamisha. Mafua huacha mapafu na majeraha, bakteria wakapata pa kuingilia. Wengi waliokufa kwenye homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 walimalizwa na nimonia ya namna hiyo.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa, beba maboksi ya kila alichomeza, hata kile unachokionea haya kukitaja, na useme alianza lini. Ikifika siku ya tatu muulize daktari kwa upole: chupa za damu zimeota nini? Bado anaihitaji hii dawa, na kwa siku ngapi? Akisema anaisimamisha, muulize ni dalili gani zitamfanya airudishe, kisha kaa na mgonjwa uziangalie. Mimi niliambiwa homa kurudi, makohozi kubadilika rangi, kuchanganyikiwa upya. Nikaziandika nyuma ya risiti ya maabara.

Mama aliruhusiwa siku ya tisa. Shemeji akaichukua karatasi ya dawa za nyumbani, akaisoma: za kisukari, za presha, basi. Akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna nyingine.