Mzee anaongea, spika inapiga kelele

SWALI: Shikamoo anti. Nafanya kazi kwenye ukumbi wa sanaa hapa Ujiji, ngoma Ijumaa, mdahalo Jumamosi. Juzi mzee anatusimulia jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone hapa Ujiji 1871, mara fundi muziki huku nyuma "heloo, cheki, cheki", watu wakaanza kusepa, lawama zote kwangu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo shida ni ratiba. Spika zijaribiwe asubuhi, mdahalo ukianza fundi awe nje anakunywa chai, na wewe kaa mlangoni sio jikoni (nawajua nyie na samaki wenu migebuka). Mzee wa Ujiji akianza stori hakatizwi, mpe saa nzima alafu ndo maswali. Na kibali cha ngoma usikifuate kwa afisa utamaduni Ijumaa mchana, utamkosa.